Njia za watu, njia za wadudu: historia ya kuumwa na kujikinga mashariki mwa Kongo

Kila mwaka mvua zinapokatika mwezi wa sita na vumbi kuanza kupanda, wazazi wa Kivu huanza kukagua vidole vya miguu ya watoto wao. Kiangazi ni msimu wa funza. Mvua zikirudi mwezi wa tisa, zamu inakuwa ya mbu. Katikati ya misimu hiyo miwili papasi, chawa, viroboto na kunguni hawapumziki, hasa kwa familia zilizohama vijiji vyao na sasa zinalala chini ya shitingi, ndani ya darasa la shule, au kwa jamaa ambao nyumba yao ilikuwa imejaa tangu mwanzo.

Wengi hudhani kwamba wadudu hawa wamekuwepo hapa tangu dunia iumbwe, na kwamba anayeumwa nao ni yule asiyejua usafi. Mtoto mwenye funza huchekwa shuleni. Mama anayekuna mwili kwenye foleni ya maji hutazamwa vibaya. Historia inasema mengine. Funza aliletwa kwa meli. Papasi na malale vilienea kwenye njia za misafara. Kwa zaidi ya miaka 100, wadudu wanaouma wamesafiri pamoja na watu walioondolewa makwao kwa nguvu au kwa shida: wapagazi, askari, vibarua, wakimbizi. Na karibu kila mara kinga iliyofaa ilianza na jambo lile lile, yaani kutunza mahali mtu anapokanyaga na mahali anapolala.

Funza aliyevuka bahari

Mwezi wa Septemba 1872, meli ya Kiingereza iliyoitwa Thomas Mitchell ilitia nanga Ambriz, kwenye pwani ya Angola, kaskazini ya Luanda. Ilitoka Rio de Janeiro, nchini Brazil. Ndani yake ilibeba mchanga wa kuipa uzito ili isiyumbe baharini. Mchanga huo ulipomwagwa ufukweni, funza walikuwamo. Mpaka wakati huo alikuwa mdudu wa Amerika ya Kusini na visiwa vya Karibiani.

Kutoka Ambriz alienea pwani, kisha akapanda mto Kongo. Ilikuwa miaka ambayo Stanley alikuwa akifungua vituo kwa ajili ya Mfalme Leopold II, na Dola Huru ya Kongo ilitangazwa mwaka 1885. Kati ya Matadi na Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, reli ilikamilika mwaka 1898 tu. Kabla ya hapo kila kitu kilibebwa kichwani: nguo, risasi, hata vipande vya meli za mtoni. Maelfu ya wapagazi walitembea miguu mitupu kwenye njia zile zile, wakilala kwenye kambi zile zile, kwenye udongo ule ule mkavu. Funza hakuhitaji zaidi ya hayo. Katika miaka ya 1890 alikuwa amefika ziwa Tanganyika, na kabla ya karne kwisha alionekana pwani ya Bahari ya Hindi. Alivuka Afrika kutoka magharibi hadi mashariki kwa muda wa miaka 25 hivi.

Sababu ya mwendo huo iko katika maisha yake. Jike huingia chini ya ngozi, mara nyingi pembeni ya kucha au kwenye kisigino. Hunywa damu na kuvimba kwa siku chache mpaka anakuwa kama punje ya njegere. Mayai yake huanguka chini, na katika udongo mkavu au mchanga hukua na kuwa viroboto wapya. Mpagazi aliyekuwa na funza mguuni leo aliacha mayai kwenye kila kambi aliyolala. Aliyekuja nyuma yake wiki chache baadaye aliwakuta wakimsubiri.

Mahali funza alipofika mara ya kwanza, watu hawakumjua wala hawakujua kumtoa mapema. Vidonda vilioza, vidole vikakatika, na wengine walishindwa kutembea kwenda shambani. Vijiji vilivyojifunza kukagua miguu kila jioni na kumtoa mdudu akiwa bado mdogo vilipata nafuu. Hapo ndipo ilipoanza kazi ya sindano na pini ambayo bibi na mama wa Kivu wanaijua mpaka leo.

Pini hiyo iliokoa miguu mingi, lakini ina hatari yake. Ikitumiwa kwa mtoto mmoja kisha kwa mwingine bila kuchemshwa, inaweza kuhamisha virusi vya homa ya ini au vya ukimwi. Kidonda kilichoachwa wazi kwenye vumbi kinaweza kuingiza pepopunda. Kwa hiyo kila mtoto awe na pini yake iliyochemshwa, mikono ioshwe kwa sabuni kabla na baada, kidonda kioshwe na kufunikwa, na chanjo ya pepopunda iulizwe kwenye kituo cha afya. Siku hizi kuna pia mafuta ya dimetikoni, ambayo watafiti waliyajaribu nchini Kenya kwa watoto wenye funza. Hupakwa juu, yanaingia kwenye tundu ambalo mdudu anapumulia, naye hufa bila kuchokolewa. Pale ambapo kituo cha afya kinayo, ni njia bora kuliko pini.

Kumtoa funza bila kushughulikia sakafu ni kazi isiyokwisha. Sakafu ya udongo ikimwagiwa maji kidogo na kufagiwa kila siku, na ikikandikwa vizuri isiwe na vumbi wala nyufa, mayai hayapati mahali pa kukua. Nguruwe na mbwa nao hubeba funza, hivyo wasilale chumba kimoja na watoto. Viatu husaidia, hata kama ni ndala zilizochakaa, ingawa havimzuii funza kabisa.

Kasongo, 1905: papasi amuua aliyemchunguza

Miaka michache baada ya funza kuvuka Kongo, madaktari wawili walitumwa na Shule ya Tiba ya Nchi za Joto ya Liverpool, Uingereza, kuchunguza malale kwenye Dola ya Leopold. Mmoja alikuwa Mwingereza, Joseph Everett Dutton. Mwingine alitoka Kanada, John Lancelot Todd. Walifika mwaka 1903, wakapanda mto mpaka maporomoko ya Stanley, yaani Kisangani ya leo, kisha wakaendelea Maniema.

Njiani walisikia malalamiko ya homa nyingine: inapanda kwa nguvu siku kadhaa, inaondoka, mtu anadhani amepona, halafu inarudi, mara ya pili na ya tatu. Watu wa sehemu hizo walijua chanzo chake muda mrefu kabla ya madaktari. Walimtaja mdudu mdogo wa kijivu anayejificha kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo, ambaye Waswahili humwita papasi na ambaye sehemu nyingi za Kongo ya mashariki alijulikana kwa jina la kimputu. Madaktari waliwasikiliza. Mwishoni mwa mwaka 1904, Dutton na Todd walithibitisha kwa majaribio kwamba kuumwa na papasi ndiko kunakoleta homa hiyo, na kwamba papasi jike huwarithisha watoto wake ugonjwa kupitia mayai. Mwaka huo huo madaktari wengine waliokuwa Uganda walifikia jibu lile lile.

Wote wawili waliugua homa waliyokuwa wakiichunguza. Todd alipona. Dutton alifariki Kasongo tarehe 27 Februari 1905, akiwa na umri wa miaka 30. Kijidudu kinacholeta homa ya papasi kina jina lake katika vitabu vya tiba mpaka leo.

Jambo kubwa katika utafiti wao lilikuwa mahali walipowapata papasi wengi: nyumba za kulala wageni zilizojengwa kando ya njia za misafara. Papasi huuma usiku, hunywa damu kwa muda mfupi, na kurudi kwenye ufa wake kabla ya mtu kuamka. Mara nyingi aliyeumwa hajui. Anaweza kukaa miaka bila kula. Nyumba ikiachwa tupu naye anabaki, akimngojea atakayefika. Kwa sababu hiyo nyumba ya njiani, ambayo kila usiku ilipokea watu wapya waliochoka, ilikuwa shamba lake.

Hapa kuna fundisho kwa anayehama leo. Nyumba ya udongo iliyoachwa na wenyewe wakati wa vita, au darasa la zamani lenye sakafu iliyopasuka, si salama kwa kulala chini siku ya kwanza. Ikiwezekana, nyufa zizibwe kwa udongo uliolowa kabla ya kutandika. Kitanda cha miti, hata kifupi, kiwekwe mbali na ukuta. Chandarua kikichomekwa vizuri chini ya mkeka humzuia papasi pia, ingawa kilitengenezwa kwa ajili ya mbu. Homa inayokwenda na kurudi isichukuliwe kuwa malaria sugu bila kupimwa, maana homa ya papasi ina dawa yake ya antibayotiki, na kwa mama mjamzito inaweza kuharibu mimba.

Kwa wataalamu papasi si ndugu wa mbu: ana miguu minane, kama buibui na kupe wa ng'ombe. Kwa anayeumwa, tofauti hiyo haipunguzi kitu.

Malale, na pasi za afya

Ugonjwa uliowaleta Dutton na Todd, malale, nao ulikuwa umefuata njia hizo hizo. Mwaka 1903 huko Uganda, David Bruce na wenzake walionyesha kwamba unaletwa na mbung'o. Nzi huyu alikuwepo tangu zamani kwenye vichaka vya kando ya mito, na wenyeji wa sehemu nyingi walijua vichaka vya kuepuka. Lakini ulanguzi wa pembe, utafutaji wa mpira wa msituni na kazi za kulazimishwa viliwaondoa watu mahali walipopajua na kuwaingiza mahali pa nzi, wakiwa na njaa na uchovu.

Serikali ya kikoloni ilijibu kwa kufunga njia. Watu walitakiwa kuwa na pasi ya afya ili kutoka eneo moja kwenda lingine, na wagonjwa walitengwa kwenye vituo maalumu ambavyo wengi walivikimbia. Woga huo ulidumu vizazi. Kilichofaa zaidi kilikuwa timu zilizokwenda vijijini kupima kila mtu na kumtibu. Timu hizo zilipokosa fedha katika miaka ya 1990, malale yalirudi kwa nguvu. Mwaka 1998 Kongo peke yake ilisajili wagonjwa zaidi ya 26,000. Kazi iliporudishwa, hesabu ya Afrika nzima ilishuka chini ya 1,000 mwaka 2018, mwaka ambao pia vidonge vya fexinidazole, vilivyojaribiwa kwa sehemu kubwa na madaktari wa Kongo, vilipata kibali.

Mbung'o huuma mchana na huvutwa na rangi ya buluu iliyokoza na nyeusi. Ndiyo maana mitego yake hushonwa kwa kitambaa cha buluu. Anayekwenda mtoni au msituni kwenye eneo lake hufaidika akivaa nguo nzito za rangi isiyong'aa wala kukoza, zenye mikono mirefu.

Mti na ua la Kivu

Wakati madaktari wakitafuta papasi Maniema, siri ya mbu ilikuwa imeshafichuliwa. Tarehe 20 Agosti 1897, huko Secunderabad nchini India, daktari Ronald Ross alikiona kijidudu cha malaria tumboni mwa mbu. Mwaka uliofuata Wataliano wakiongozwa na Giovanni Battista Grassi walithibitisha kwamba ni mbu wa aina ya anofele ndiye anayemwambukiza mtu.

Dawa ilitangulia kujulikana kabla ya mdudu. Katika karne ya 17 Wajesuiti walipeleka Ulaya maganda ya mti wa kinkina kutoka milima ya Andes. Mwaka 1820 Wafaransa Pelletier na Caventou walitoa ndani ya ganda hilo dawa yenyewe, kinini. Baadaye Waholanzi waliipanda miti hiyo kisiwani Java, na kufikia miaka ya 1930 Java ilitoa zaidi ya tisa ya kumi ya kinini cha dunia.

Katika miaka hiyo hiyo kinkina ilipandwa kwenye milima ya Kivu, ambako hewa baridi na udongo vinafanana na vya kwao Andes. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Mulungu, karibu na Bukavu, kilikuwa miongoni mwa mahali ilipochunguzwa. Wajapani walipoiteka Java mwezi wa Machi 1942, majeshi yaliyopigana nao yalibaki bila kinini cha kutosha, na kila mahali penye miti hiyo pakawa na thamani. Baada ya vita mashamba ya Kivu yaliendelea, na kiwanda cha Pharmakina cha Bukavu kikawa miongoni mwa vituo vikubwa vya kinini duniani na mwajiri mkubwa wa mji. Wazee wengi wa Kabare na Kalehe wanaukumbuka uchungu wa ganda hilo, kwa kuwa waliwahi kulikausha au kulichemsha.

Mlima ulilima dawa ambayo bonde liliihitaji. Kinkina hupenda juu, kwenye baridi, ambako mbu wa malaria ni wachache. Homa ilikuwa chini: Uvira, bonde la Ruzizi, Fizi, Maniema. Ndiyo maana mpaka leo familia inayoshuka kutoka milima ya juu ya Fizi au Mwenga kwa sababu ya vita iko hatarini zaidi kuliko wenyeji wa kando ya ziwa. Watu wa mlimani hawakuumwa mara nyingi utotoni, na miili yao haijaizoea malaria. Hata mtu mzima mwenye nguvu anaweza kuzidiwa haraka. Kwao, homa ya siku ya kwanza ni sababu ya kwenda kupimwa.

Kinini kilipisha klorokwini, iliyotengenezwa Ujerumani mwaka 1934, nayo ikachoka vijidudu vilipoizoea. Mwaka 2010 utafiti mkubwa uliofanywa katika nchi tisa za Afrika, Kongo ikiwemo, ulionyesha kwamba kwa watoto wenye malaria kali sindano ya artesunati huokoa wengi zaidi kuliko kinini.

Pamoja na mti huo milima ya Kivu ililima pia ua jeupe: pareto. Asili yake ni Dalmatia, kwenye pwani ya Kroatia ya leo. Maua yake yakikaushwa na kusagwa huua wadudu bila kumdhuru sana mtu. Huko Japani, Eiichiro Ueyama aliyachanganya na ubani mwaka 1890 na kutengeneza kijiti cha kufukiza mbu. Wazo la kukiviringisha kama nyoka aliyejikunja lilitoka kwa mke wake, na ndilo umbo la dawa ya kuchoma inayouzwa sokoni mpaka leo. Kenya ikawa mzalishaji mkuu, na milima ya Kivu Kaskazini na ya Rwanda ikafuata.

Pareto ilikuwa na udhaifu mmoja: jua huiharibu upesi. Mwaka 1973 wanasayansi wa Rothamsted, Uingereza, wakiongozwa na Michael Elliott, walitengeneza dawa inayoiga ile ya ua lakini inayodumu: permetrini. Miaka kumi baadaye watafiti wa Burkina Faso na kwingineko walianza kuichovya kwenye vyandarua. Mwaka 1991 taarifa kutoka Gambia ilionyesha vifo vya watoto wadogo vikipungua kwa zaidi ya nusu kwenye vijiji vilivyolala ndani ya vyandarua hivyo. Majaribio mengine makubwa yalipojumlishwa, wastani ulikuwa pungufu ya kifo kimoja kwa kila sita. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2015 ilisema kwamba tangu mwaka 2000 Afrika iliepushwa na wagonjwa wa malaria milioni 663, na kwamba zaidi ya theluthi mbili ya kazi hiyo ilifanywa na chandarua.

Kwa hiyo mustikere inayofungwa leo Bukavu au Beni ni mjukuu wa ua lililolimwa juu ya milima hii. Na bado Kongo ni ya pili duniani, baada ya Nigeria, kwa wingi wa wagonjwa wa malaria.

Vita vya karibu: nguo na shitingi

Njia za watu hazikufungwa na uhuru. Nchini Burundi, vita vya miaka ya 1990 viliwasukuma watu kwenye kambi za milimani, kwenye baridi, bila nguo za kubadilisha. Chawa wa nguo waliongezeka, na kati ya 1995 na 1997 homa waliyoileta, ambayo Warundi waliiita sutama, iliwapata makumi ya maelfu ya watu. Ilitibika kwa doksisaiklini. Chawa wenyewe huuawa kwa kuchemsha nguo au kuzifua kwa maji ya moto sana, kazi ngumu pale kuni zinapotafutwa kwa hatari.

Kambi zilifundisha pia njia mpya. Kwa wakimbizi wa Afghanistan waliokuwa Pakistan, watafiti walichovya kwenye permetrini mashuka makubwa ambayo watu walijifunika usiku, na malaria ikapungua hasa kwa watoto. Ilichapishwa mwaka 1999. Huko Sierra Leone, kwenye kambi za wakimbizi wa Liberia, vibanda vilijengwa kwa shitingi zilizowekwa dawa kiwandani, na watoto waliolala ndani ya vibanda vilivyofunikwa pande zote waliugua kidogo zaidi. Majaribio hayo yalifuata alichonacho mkimbizi kweli: shuka lake na paa lake.

Yanayoweza kufanywa usiku wa leo

Chandarua kipya kitundikwe kivulini siku moja kabla ya kutumiwa, ili dawa isiwashe uso. Kwenye kibanda kifupi kifungwe kamba kwenye vijiti vinne na kichomekwe chini ya mkeka pande zote kabla giza halijaingia. Kikichafuka kifuliwe taratibu kwa sabuni ya kawaida, bila maji ya Javel, na kianikwe kivulini. Tundu lishonwe. Chandarua kikiwa kimoja, wapewe kwanza mama mjamzito na watoto wa chini ya miaka mitano. Chandarua kinachouzwa kwa mvuvi hulisha familia siku moja, kisha humwaga sumu kwenye maji wanayochota.

Moshi wa majani ndani ya nyumba, kama walivyofanya wazee, hufukuza mbu kidogo lakini huharibu vifua vya watoto. Ni afadhali maji yaliyotuama karibu na kibanda yafukiwe na mikono na miguu ifunikwe jioni.

Aliyekwisha kuumwa aoshe mahali hapo kwa maji safi na sabuni, kisha aweke kitambaa kilicholowa maji baridi kwa dakika kumi hivi. Mwasho hupungua. Kucha za watoto zikatwe fupi, kwa sababu kidonda kibaya huanza na kukuna. Majivu, kinyesi cha ng'ombe, mafuta ya taa na maji ya betri visipakwe kamwe. Nyuki akichoma, mwiba utolewe mara moja, kwa kucha au kwa njia yoyote ya haraka. Mwasho ukizidi, kituo cha afya kina losheni na vidonge vya kuutuliza.

Zipo dalili ambazo hazingoji asubuhi: midomo au uso kuvimba, kupumua kwa shida, kuzimia baada ya kuumwa, usaha au wekundu unaopanda kwenye mguu, taya kukaza, na homa ya mtoto ya aina yoyote. Kwa homa, mhudumu wa afya wa kijiji au wa kambi, yule anayeitwa reko, mara nyingi ana kipimo cha haraka na dawa. Aitwe siku hiyo hiyo.

Mpagazi wa Matadi hakuulizwa kama anapenda kulala kwenye udongo wenye funza, wala familia iliyokimbia usiku kutoka Masisi haikuchagua sakafu iliyoikuta. Mtoto mwenye funza shuleni anahitaji maji, sabuni, pini yake mwenyewe na mtu wa kumshika mguu kwa upole. Kicheko hakijamtoa funza hata mmoja tangu mwaka 1872.